Ukiona Vyaelea Vimeundwa: Akiliunde na Mtafiti wa Kiswahili Jijini Nairobi

Utangulizi

Ni vigumu leo kumpata mwanafunzi wa uzamili katika vyuo vikuu vya Nairobi ambaye hajasikia habari za akiliunde. Tangu mwezi wa Novemba mwaka 2022, kampuni ya OpenAI ya Marekani ilipoizindua programu ya ChatGPT, mazungumzo kuhusu zana hizi yametoka katika idara za sayansi ya tarakilishi yakaingia katika idara za lugha. Yanasikika katika Maktaba ya Jomo Kenyatta ya Chuo Kikuu cha Nairobi, katika bewa la Kikuyu wanakofunzwa walimu wa kesho, na katika matatu zinazowarejesha wanafunzi Kangemi, Uthiru na Kawangware jioni. Wapo wanaoziona zana hizi kuwa ni ukombozi, na wapo wanaoziona kuwa ni kifo cha usomi. Kila upande una hoja zake. Hata hivyo, pande zote mbili huzungumza kana kwamba mtafiti wa Kiswahili hana tofauti na mtafiti wa uhasibu au wa uhandisi.

Makala haya yanashikilia kwamba tofauti ipo, na kwamba ni kubwa. Mhandisi hutumia lugha kuelezea matokeo ya kazi iliyofanyika kwingine, penye vyuma na vipimo. Mtafiti wa fasihi ya Kiswahili hana kwingine. Kazi yake yenyewe ni lugha. Akimwachia mwingine lugha hiyo amsomee na amwandikie, hakibaki kitu chochote ambacho anaweza kukiita utafiti wake. Kwa hiyo, swali linalofaa kuulizwa si iwapo akiliunde itumike au isitumike. Swali ni hili: ni kazi ipi ambayo mtafiti wa Kiswahili anaweza kuikabidhi mashine pasipo kujivua utafiti wenyewe?

Yafaa kwanza kulisema neno kuhusu jina. Wapo wanaosema akili bandia, wapo wanaosema akili mnemba, na wapo wanaosema akiliunde. Makala haya yanatumia jina la mwisho, si kwa kuwa mengine ni makosa, bali kwa sababu kitenzi "unda" kina historia yake katika mwambao. Waundao huko ni mafundi wa majahazi na madau. Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea vimeundwa. Methali hiyo humtaka msikilizaji asiridhike na kukitazama chombo kikielea, bali atazame nyuma yake awaone mafundi, mbao na jasho. Huo ndio mtazamo unaofaa kuongoza mjadala huu.

Chombo na Mbao Zake

Programu kama ChatGPT haijui mambo kwa namna ambayo mhadhiri anayajua. Imelishwa matini nyingi mno, ikajifunza kukadiria neno lipi lina uwezekano mkubwa wa kufuata jingine. Kwa hiyo, ubora wa jibu lake katika lugha fulani hutegemea wingi na ubora wa matini za lugha hiyo zilizotumiwa kuifunza. Mfumo wa GPT-3, uliotangazwa mwaka 2020, ulifunzwa kwa takriban vipande vya maneno bilioni 300, na zaidi ya asilimia 90 ya maneno ya hazina yake yalikuwa ya Kiingereza. Lugha nyingine zote za dunia, Kiswahili kikiwemo, zilijibanza katika sehemu ndogo iliyobaki.

Linganisha na hazina zilizokusanywa kwa ajili ya lugha zetu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Africa Nazarene walikusanya Kencorpus, hazina ya Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya, yenye matini 4,442 za maneno yapatayo milioni 5.6 pamoja na faili za sauti 1,152 zenye muda wa saa 177. Kazi hiyo ni ya kupongezwa kwa kila hali. Hata hivyo, milioni tano zikiwekwa kando ya mabilioni mia tatu, msomaji ataelewa mara moja kwa nini mashine hizi huzungumza Kiingereza kama mwenyeji na Kiswahili kama mgeni aliyekaa mjini mwaka mmoja.

Isitoshe, matini za Kiswahili zinazopatikana kwa urahisi mtandaoni ni za aina chache: habari za magazeti, maandiko ya dini, matangazo ya serikali na tafsiri. Ushairi wa Muyaka, hadithi simulizi za Pate, barua za watu wa kawaida na nathari ya majaribio ya akina Kezilahabi ni haba humo. Mtafiti wa fasihi ndiye hasa anayehitaji matini ambazo mashine haikuzisoma.

Faida Isiyofaa Kukanushwa

Pamoja na hayo, itakuwa si haki kuyakana manufaa. Tarakilishi haikuanza jana kumtumikia mwanaisimu wa Kiswahili. Katika miaka ya 1980, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kuunda mfumo uitwao SALAMA wa kuchanganua Kiswahili kwa tarakilishi. Mfumo huo ulitokana na sheria za sarufi zilizoandikwa na wataalamu, na chuo hicho kikaja pia kuwa na korpasi ya Kiswahili ambayo watafiti wengi wameitumia. Anayesema kwamba mashine haina nafasi katika taaluma yetu anasahau miongo minne ya kazi hiyo.

Zipo kazi ambazo mashine huzifanya vyema na kwa haraka. Mtafiti anayetaka kujua mwandishi ametumia neno "giza" mara ngapi katika riwaya tatu, na katika mazingira gani, hana haja ya kupoteza majuma mawili akihesabu kwa vidole. Mtafiti aliyepiga picha kurasa mia nne za magazeti ya zamani, kwa ruhusa, katika Makavazi ya Kitaifa kwenye Barabara ya Moi, anaweza kutumia programu inayogeuza picha kuwa maandishi, kisha akayasahihisha mwenyewe. Mtafiti mwenye saa ishirini za mahojiano anaweza kupata rasimu ya kwanza ya unukuzi. Anayesoma makala ya nadharia yaliyoandikwa kwa Kifaransa au Kijerumani anaweza kupata fununu ya yaliyomo kabla ya kutafuta tafsiri ya kuaminika.

Ipo pia hoja ya usawa, nayo ni nzito. Mwanafunzi anayeishi Kawangware na kufundisha shule mchana ili alipe karo hana nafasi ya kuketi maktabani hadi usiku. Msimamizi wake ana wanafunzi wengi na hukutana naye kwa nadra. Mashine humjibu saa sita za usiku, haichoki wala haimdharau kwa kuuliza swali dogo. Kuuliza si ujinga, na mwanafunzi anayeomba kufafanuliwa tofauti ya umuundo na umuundo-leo asihukumiwe kana kwamba ameiba. Anayepinga zana hizi kutoka katika ofisi yenye rafu za vitabu yafaa akumbuke kwamba si wote wana rafu hizo.

Zote hizi, hata hivyo, ni kazi za karani. Karani huhesabu, hunakili, hupanga na hukumbusha. Hakuna ofisi inayomwachia karani kutoa hukumu.

Mahali Chombo Kinapovuja

Uvujaji wa kwanza ni marejeleo yasiyokuwepo. Kwa kuwa mashine hukadiria maneno, huweza kukadiria pia jina la mwandishi, anwani ya makala, mwaka na kurasa, vyote vikifanana na ukweli na visiwe kweli. Mwaka 2023, mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha hati iliyotaja kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Ikiwa mashine ilibuni kesi kwa Kiingereza, katika nchi ambayo hukumu zake zimejaa mtandaoni, itashindwaje kubuni makala ya Kiswahili yaliyochapishwa katika jarida la miaka ya 1970 ambalo nakala zake ziko katika rafu za vyuo vichache tu? Mwanasheria huumbuliwa na hakimu. Tasnifu yenye marejeleo bandia huweza kupita, ikawekwa maktabani, ikanukuliwa na mwingine, na uongo ukawa sehemu ya historia ya fasihi yetu.

Uvujaji wa pili ni wa lugha yenyewe, na huu ndio unaopaswa kumkosesha usingizi mwanafunzi wa Kiswahili. Chukua maneno ya uchambuzi wa ushairi. "Bahari" kwa mshairi ni mkondo au aina ya shairi. "Mizani" ni idadi ya silabi. "Kina" ni mlingano wa sauti. "Ukwapi" na "utao" ni vipande vya mshororo. "Kituo" ni mshororo wa mwisho wa ubeti. Mengi ya maneno haya yana maana nyingine ya kawaida inayojitokeza mara nyingi zaidi katika magazeti. Chombo kinachokadiria kwa wingi, na ambacho huegemea Kiingereza, kina mvuto wa kuelekea maana ya sokoni na kuiacha maana ya kiwandani kwa mshairi.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi katika lahaja. Mzee wa Lamu asemapo "ndia", "ndaa", "mato" na "nti", anasema njia, njaa, macho na nchi kwa Kiamu fasaha. Programu iliyozoea Kiswahili Sanifu huweza kuyachukulia maneno hayo kuwa makosa na kuyasahihisha. Mtafiti asiyesikiliza upya kanda yake atawasilisha utenzi uliosafishwa, mizani yake ikiwa imevurugika na vina vyake vimevunjika, kisha ataandika kwamba msanii huyo hakuzingatia arudhi. Kosa la mashine litakuwa limegeuka kuwa aibu ya malenga.

Vivyo hivyo katika nathari ya kitaaluma. Neno "wasingalimsomesha" ni kitenzi kimoja kilichobeba nafsi, ukanushi, masharti, yambwa, mzizi na kauli ya kusababisha. Huo ndio uhodari wa Kiswahili: kusema kwa neno moja yale ambayo Kiingereza hutumia maneno mengi kuyasema. Mwanafunzi anayeuliza kwa Kiingereza, akajibiwa kwa Kiingereza, kisha akaomba tafsiri, hupata Kiswahili kilichovunjwavunjwa kufuata mifupa ya Kiingereza. Sentensi zitakuwa sahihi kisarufi, lakini hazitakuwa na mwendo wa Kiswahili. Wakifanya hivyo wanafunzi mia moja kwa miaka kumi, taaluma itapata lahaja mpya isiyo na mwenyeji wala kijiji, nayo ndiyo mashine za kesho zitakayolishwa kama mfano wa Kiswahili cha wasomi.

Uvujaji wa tatu ni wa siri za watu. Utafiti wa fasihi simulizi hutegemea imani ya wasimulizi. Bibi anayemsimulia mtafiti nyimbo za unyago au ngano za ukoo wake humsimulia mtu aliyemtazama usoni. Mtafiti anapoipandisha sauti ya bibi huyo kwenye programu ya kampuni ya ng'ambo, ameitoa nchini bila ya mwenyewe kujua. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ina masharti kuhusu data za watu na kuhusu kuzipeleka nje ya Kenya, na haikumsamehe mtafiti kwa kuwa ni mwanafunzi.

Wakazi wa Nairobi wana somo la karibu. Mwaka 2023, watu walipiga foleni ndefu katika Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta, katikati ya jiji, ili mboni za macho yao zipigwe picha na mradi wa Worldcoin kwa malipo ya sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000. Mmoja wa waanzilishi wa mradi huo, Sam Altman, ndiye pia kiongozi wa OpenAI. Serikali iliusimamisha mwezi wa Agosti mwaka huo, na mwezi wa Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Mboni ya jicho ilipata mahakama ya kuitetea. Sauti ya bibi wa Pate itatetewa na nani, ikiwa mtafiti aliyeaminiwa ndiye aliyeitoa?

Mafundi Wasioonekana

Methali ya vyaelea humrudisha msomaji Nairobi kwa sababu nyingine. Mwezi wa Januari 2023, jarida la Time la Marekani lilifichua kwamba wafanyakazi wa Kenya, walioajiriwa kupitia kampuni ya Sama, walikuwa wamelipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha matini zenye matusi, ukatili na unyama, ili ChatGPT ijifunze kuziepuka. Adabu ambayo watumiaji wa dunia nzima wanaisifia katika chombo hicho ilichongwa, kwa sehemu, na vijana wa jiji hili, na baadhi yao walieleza namna kazi hiyo ilivyowaachia majeraha ya nafsi.

Kabla ya hapo, vijana wengine wa Kenya waliosoma na kukosa ajira walikuwa wakiwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza kwa malipo. Gazeti la New York Times liliandika habari zao mwaka 2019, na filamu ya hali halisi iitwayo The Shadow Scholars, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, ilizionyesha mwaka 2024. Vijana hao walisoma usiku kucha, wakaandika, wakasifiwa kwa jina la mwingine. Yaliyowapata yana funzo chungu: uwezo wa kuandika wanao, lakini shahada ilikwenda kwa asiyeandika.

Mwanafunzi wa Kiswahili anayeiachia mashine imwandikie sura za tasnifu amekiketia kiti cha yule mnunuzi wa ng'ambo. Tofauti ni kwamba mnunuzi yule alinunua ili apate cheti cha kazi nyingine. Huyu wa Kiswahili ananunua kile ambacho ndicho kazi yake. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na siku atakaposimama mbele ya darasa la kidato cha tatu kueleza kwa nini shairi huru ni shairi, hatakuwa na mahali pa kujifichia.

Je, Dawa ni Marufuku?

Wapo wahadhiri wanaopendekeza marufuku kamili pamoja na programu za kutambua matini ya mashine. Nia yao ni njema, lakini dawa hiyo ina madhara. OpenAI yenyewe iliiondoa programu yake ya utambuzi mwezi wa Julai 2023 kwa sababu ya usahihi mdogo. Utafiti wa mwaka huohuo wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford uligundua kwamba programu kadhaa za namna hiyo zilizishuku visivyo zaidi ya nusu ya insha zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Ikiwa vipimo hivi huwaonea waandishi wa Kiingereza, lugha ambayo vimeizoea, ni hatari kuvikabidhi hukumu juu ya tasnifu ya Kiswahili. Kumnyima mtu shahada kwa ushahidi wa kukadiria ni kutenda kosa lilelile la kuiachia mashine hukumu.

Badala ya askari wa lango, idara zinahitaji utaratibu ulio wazi. La kwanza, kila tasnifu iwe na tamko fupi: zana ipi ilitumika, kwa kazi gani, katika sura ipi. Asiyetumia aseme hakutumia. La pili, kila marejeleo yawe yamesomwa na mtafiti mwenyewe, na msimamizi awe na haki ya kudai nakala ya lolote kati yao. La tatu, utetezi wa mdomo usisubiri mwisho. Mwanafunzi na atetee kila sura mbele ya wenzake kwa Kiswahili, kwa nusu saa tu. Aliyeandika ataeleza, aliyeandikiwa atababaika. La nne, fomu ya idhini ya msimulizi itaje bayana iwapo sauti yake itapitishwa kwenye programu ya kampuni, na msimulizi awe huru kukataa.

La tano linawahusu wanafunzi na vyama vyao. Mkakati wa Kitaifa wa Akiliunde wa mwaka 2025 hadi 2030, uliozinduliwa Nairobi mwezi wa Machi 2025, umekwisha kuandikwa. Wenye lugha wasingoje kualikwa. Vyama vya Kiswahili vinaweza kukusanya, kwa idhini ya waandishi na wachapishaji, matini za ushairi, tamthilia na masimulizi ya lahaja zenye maelezo sahihi ya istilahi. Kazi ya namna hiyo haihitaji maabara. Inahitaji watu wanaoijua tofauti ya ukwapi na utao, nao hawapatikani Marekani kwa wingi. Lakini ifanywe kwa masharti yanayolinda haki za waandishi na kuwapa wakusanyaji ujira wa haki, isije ikawa tena jasho la Nairobi na faida ya kwingine.

Juu ya hayo yote iwekwe kanuni moja ya binafsi, ambayo hakuna idara inayoweza kuisimamia isipokuwa dhamiri: matini isomwe kwanza, kwa Kiswahili, tangu mwanzo hadi mwisho, na maoni ya msomaji yaandikwe kwa mkono wake kabla ya mashine kuulizwa lolote. Aliyekwisha kusoma Walenisi ya Katama Mkangi na kugundua mwenyewe kwamba jina hilo limeficha "wale ni sisi", anaweza kuibishia mashine. Asiyesoma hawezi ila kuitikia.

Hitimisho

Akiliunde imekuja na haitarudi ilikotoka. Kuikataa kwa hofu hakutaokoa taaluma, na kuikumbatia kwa uvivu kutaiua. Makala haya yamependekeza iwekwe katika nafasi ya karani: ihesabu, inakili, ipange, ikumbushe. Kusoma, kuonja, kuhukumu na kuandika kubaki kwa mtafiti. Mambo hayo manne si mzigo ambao wanafunzi wa Kiswahili wanautafutia mchukuzi. Ndiyo sababu ya wao kuuchagua mkondo huu badala ya mingine yenye mishahara minono. Jahazi linaloelea katika taaluma yetu leo liliundwa na watu waliosoma kwa taa za kibatari na kunakili miswada kwa mkono. Kizazi hiki kimepata zana bora kuliko zote zilizotangulia. Itakuwa ni hasara kubwa ikiwa ndicho kizazi kitakachosahau kuunda.